Vioo vya Murano: Geuza kitako kwanza, pesa baadaye

Na MWANDISHI WETU

MWAKA wa 2023, mwanamke mmoja wa jimbo la Virginia nchini Marekani aliingia katika duka la mitumba akaona chombo cha maua kwenye rafu. Kilikuwa na umbo la chupa, kikipenyeza mwanga, na mwili wake ulizungukwa na mistari mipana ya rangi nyekundu na kijani hafifu, mithili ya kazi ya mchoraji aliyepitisha brashi mara moja na kwenda zake. Alipokigeuza aliona chini yake alama ndogo iliyomfanya afikirie Murano. Bei ilikuwa dola 3.99, pesa ambazo hazifiki Sh600. Alilipa, akakibeba hadi nyumbani.

Desemba mwaka huo huo, kampuni ya minada ya Wright ilikiuza chombo hicho kwa dola 107,100. Kwa kiwango cha ubadilishanaji pesa cha wakati huo, hizo ni zaidi ya Sh16 milioni. Ilikuwa imebainika kwamba kilibuniwa na Carlo Scarpa mnamo 1942 kwa ajili ya kampuni ya Venini ya Italia, katika mfululizo uitwao Pennellate, maana yake mapitio ya brashi.

Hadithi kama hii ni tamu, nayo ina hatari yake. Humfanya msomaji ainuke kitini mara moja kwenda kupekua kabati la nyanya. Naam, pekua. Lakini tuambiane ukweli mapema: vioo vingi vinavyoitwa Murano duniani havikutoka Murano, na hata vile vilivyotoka huko, vingi havina bei ya kumlipia mtoto karo ya muhula mmoja. Kilichomfaidi mama yule si bahati pekee. Aliyekitoa chombo kile na aliyekibandika bei walikuwa wamekishika mikononi kama yeye. Tofauti ni kwamba yeye alikigeuza, kisha akauliza.

Swali ni je, mtu anayependa kupamba sebule yake kwa vioo vya aina hii aulize nini?

Kisiwa

Murano ni kundi la visiwa vidogo vilivyounganishwa kwa madaraja, kaskazini kidogo ya mji wa Venice. Mnamo 1291 watawala wa Venice waliamuru matanuri ya vioo yaondolewe mjini na kuhamishiwa huko, kwa kuwa nyumba nyingi za mji zilikuwa za mbao na moto wa tanuri moja ungeweza kuuteketeza mji mzima. Wapo wanaosema pia kwamba serikali ilitaka kuwaweka mafundi mahali pamoja ili siri zao zisivuje. Ukitazama yaliyofuata, si rahisi kuwapinga. Fundi wa Murano aliheshimiwa kuliko mafundi wengine wa mikono, lakini hakuruhusiwa kuhama na ujuzi wake.

Siri zilivuja hata hivyo. Katika miaka ya 1660, Colbert, waziri wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliwashawishi mafundi kadhaa wa vioo vya kujitazamia wakatorokea Paris. Ufaransa ikajifunza kazi, Venice ikapoteza soko. Jamhuri ya Venice yenyewe iliangushwa na Napoleon mnamo 1797, na kwa muda mrefu baada ya hapo Murano ilibaki ikiishi kwa sifa za mababu.

Kitu kimoja hakikukoma, nacho kinatuhusu sisi moja kwa moja.

Ushanga

Muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuwazia kuweka chombo cha Murano juu ya meza ya kahawa, kioo cha Venice kilikuwa tayari kimefika Afrika Mashariki. Kilikuja kwa umbo la ushanga. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara katika karne ya 19 ilibeba shehena za ushanga, na sehemu kubwa ya ushanga huo ilitengenezwa Venice na Murano na kupitia Zanzibar.

Ushanga huo ulitengenezwa kwa njia ya ajabu. Fundi alichukua donge la kioo laini lililotobolewa katikati, mwenzake akashika upande wa pili, kisha wakaachana mbio, mmoja huku na mwingine kule. Donge likavutika na kuwa mrija mwembamba wa mita nyingi, na lile tundu la katikati nalo likavutika pamoja nao bila kuziba. Mrija ulipopoa ulikatwakatwa vipande vidogo, vikapashwa moto tena ili kingo zipate kuviringika.

Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri bara mwaka wa 1857, aliandika kwamba kulikuwa na aina zipatazo 400 za ushanga sokoni. Stanley naye, alipokuwa Zanzibar mnamo 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alisumbuliwa sana na hesabu hiyo. Kila mahali palikuwa na fasheni yake. Ushanga mwekundu wa samisami ulipendwa huku na kukataliwa kule, mweupe wa merikani ulipita mahali pamoja na kudharauliwa pengine. Msafiri aliyebeba rangi isiyotakiwa angeweza kulala njaa akiwa na mizigo tele.

Kwa hivyo wahenga wetu hawakuwa wanunuzi wajinga wa vitu vya kung'aa, kama vitabu vingine vya zamani vinavyopenda kudokeza. Walikuwa wateja wenye macho. Walijua rangi, ukubwa na ubora, na walirudisha mali mbovu. Mkusanyaji wa leo hahitaji kipaji kingine. Mnamo 2020 shirika la UNESCO liliuweka ufundi wa ushanga wa kioo wa Italia na Ufaransa katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Wakili

Vioo ambavyo wakusanyaji huviwania leo si vya kale hivyo. Ni vile vilivyotengenezwa kati ya miaka ya 1920 na 1960, na hasa katika miaka 20 iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia.

Mwanzo wake ni mwaka wa 1921, wakati Paolo Venini, wakili kutoka Milan, aliposhirikiana na Giacomo Cappellin, muuzaji wa vitu vya kale wa Venice, kufungua kiwanda huko Murano. Wakati huo kisiwa kilikuwa kikitengeneza vyombo vilivyojaa mapambo, maua juu ya maua, majoka yamejikunja kwenye mashina ya bilauri. Mabwana hawa wawili na msanii wao, Vittorio Zecchin, walifagia yote hayo. Chombo chao maarufu zaidi, Veronese, walikitoa katika mchoro wa mchoraji wa karne ya 16 wa jina hilo: kioo chepesi cha rangi moja, tumbo la mviringo, shingo nyembamba, basi.

Washirika hao walitengana mnamo 1925. Venini akaendelea, na wazo lake kubwa likawa ni kuwaita watu wasiojua kupuliza kioo waje wachore kile ambacho fundi hangekifikiria. Alimwita Scarpa, msanifu wa majengo, aliyefanya naye kazi tangu 1932 hadi 1947. Alimwita Gio Ponti wa Milan, na baadaye Tapio Wirkkala kutoka Ufini. Wenzake kisiwani hawakulala. Kampuni ya Seguso Vetri d'Arte ilikuwa na Flavio Poli, Aureliano Toso ilikuwa na Dino Martens, na Ercole Barovier, wa ukoo uliokuwa kwenye tanuri kwa karne kadhaa, alikuwa akibuni mwenyewe katika kampuni ya Barovier & Toso.

Vita vilipokwisha Italia ilikuwa imechoka na haina pesa, lakini Wamarekani walikuwa nazo. Meli zilipakia vioo vya Murano kwenda kwenye maduka makubwa ya New York na Chicago: samaki, ndege, vikaragosi, mabakuli, na visahani vya majivu ya sigara visivyo na idadi, kwani enzi hizo karibu kila mgeni alivuta. Ndiyo sababu hadi leo vioo vingi vya Murano vinavyopatikana kwa bei ya kawaida ni visahani vya majivu. Siku hizi watu hutilia funguo na peremende.

Leso

Ukitaka kuelewa miaka ile kwa chombo kimoja tu, chukua Fazzoletto.

Fulvio Bianconi alikuwa mchoraji wa picha za vitabu na matangazo. Alikwenda Murano baada ya vita kujifunza kuhusu chupa za manukato, akakutana na Venini, na mwishoni mwa miaka ya 1940 wakatoa chombo kilichoitwa kwa Kiitaliano kitambaa cha mkono. (Kwa Kireno kitambaa hicho ni lenço, na huko ndiko tulikolipata neno leso.) Chombo chenyewe kinaonekana kama kitambaa kilichoshikwa katikati na kugeuzwa, pembe zake zikasimama kwa mikunjo. Kinadanganya jicho. Mtu hushawishika kukigusa ili ahakikishe ni kigumu.

Namna ya kukifanya ni rahisi kueleza na ngumu kutenda. Fundi hupuliza kioo, hukifungua kiwe bapa kama sahani, kisha hukielekeza chini kikiwa bado laini. Kingo huanguka zenyewe kwa uzito wake. Fundi huamua tu ni sekunde gani asimamishe. Hakuna kalibu, kwa hivyo hakuna viwili vinavyofanana kabisa.

Kilipendwa mno, na kwa sababu hiyo kikaigwa mno. Viwanda vingine vya Murano vilitengeneza cha kwao. Huko Uingereza kampuni ya Chance ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kutoa vitambaa vya kioo kwa wingi kutokana na vioo bapa vilivyopashwa moto na kukunjwa. Vinapendeza, vina wakusanyaji wao, lakini si Venini, na bei yake isiwe ya Venini.

Mwaka wa 1950 hivi Bianconi alibuni pia Pezzato. Vipande vya kioo vya rangi mbalimbali hupangwa juu ya bamba kama nguo ya viraka, huyeyushwa hadi vishikane, huviringishwa kuwa mrija, ndipo hupulizwa. Hapo unaona viraka vyekundu, buluu, kijani na vyeupe vikiwa vimevutika kidogo kila kimoja kwa njia yake.

Mbinu nyingine ni za kale zilizofufuliwa. Filigrana ni nyuzi nyembamba za rangi, nyingi zikiwa nyeupe, zilizofungiwa ndani ya kioo cheupe kama uzi ndani ya barafu. Murina ni fimbo ya kioo yenye ua ndani yake. Ukiikata kama mkate, kila kipande kina ua lile lile. Na kuna sommerso, ambayo Poli aliipeleka mbali kuliko wote: umbo la rangi huchovywa katika kioo cha rangi nyingine, kisha katika kioo kisicho na rangi, matabaka yasichanganyike. Ukikishika ni kizito kama jiwe, na rangi inaonekana imezama ndani kabisa. Kwa chombo cha aina hiyo Poli alipata tuzo ya Compasso d'Oro, kubwa katika ubunifu nchini Italia, mnamo 1954.

Fundi

Hapa pana jambo linalonikera katika vitabu na minada ya vioo hivi. Utasoma Scarpa, Bianconi, Ponti. Karibu hakuna hata mmoja wao aliyeshika bomba la kupulizia.

Kioo huyeyuka katika joto la nyuzi zipatazo 1,400 na hufinyangwa kikiwa karibu 1,000. Hakishikiki kwa mkono, hakisubiri, na kikipoa kidogo ni lazima kirudishwe motoni. Fundi mkuu hukaa kwenye benchi lake akizungusha bomba la chuma bila kukoma, kwani akisimama kioo hulegea upande mmoja. Wasaidizi humletea kioo zaidi, humpulizia, humshikia. Kijana wa mwisho hubeba na kufagia, naye hujifunza kwa macho. Hawazungumzi sana. Kazi ikikamilika huingizwa katika tanuri jingine lipoe polepole, la sivyo hupasuka.

Fundi aliyewafanyia kazi Scarpa na Bianconi huko Venini alikuwa Arturo Biasutto, ambaye kisiwa kizima kilimwita Boboli. Mbunifu aliweza kuja na karatasi yenye mchoro wa kitu kisichowahi kufanywa na mtu. Boboli ndiye aliyetafuta njia ya kukifanya. Chini ya chombo pakaandikwa Venini. Ukiniuliza, katalogi ya mnada inayomtaja mwenye karatasi na kumwacha mwenye bomba imefanya nusu ya kazi yake.

Wachache walikuwa vyote viwili. Alfredo Barbini na Archimede Seguso walizaliwa katika koo za vioo, wakaingia kiwandani wakiwa wadogo, na baadaye wakabuni na kutengeneza kwa mikono yao wenyewe. Usiku wa Januari 29, 1996, jumba la opera la La Fenice jijini Venice lilipoteketea, Seguso, mzee wa miaka 86, alikuwa akiishi jirani nalo. Hakukubali kuondoka. Alisimama dirishani akitazama moto usiku kucha, na kulipokucha akaenda Murano kwenye tanuri lake, akaanza kutengeneza vyombo vyenye rangi za moto ule: nyekundu, kijani, buluu na dhahabu zikipanda na kujipinda. Alifariki mnamo 1999.

Kitako

Sasa tuje kwa pesa zako. Kioo kiko mkononi, muuzaji anasifu. Kigeuze.

Chombo kilichopulizwa kwa mkono lazima kiliwahi kushikiliwa kwa fimbo ya chuma chini, na fimbo hiyo ilipoondolewa iliacha kovu. Kwenye kazi nzuri kovu hilo lilisagwa na kung'arishwa hadi likawa laini, lakini utaona alama ya mduara au ubapa. Ukiona mstari ulionyooka ukipanda kutoka kitako hadi mdomoni pande zote mbili, huo ni mshono wa kalibu, na mara nyingi chombo hicho ni cha mashine.

Tazama pia mikwaruzo. Kitu kilichokaa mezani miaka 60 kimesukumwa huku na huku na kila aliyepangusa vumbi, kwa hivyo kina mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande, na iko pale tu kinapogusa meza. Kitako safi kama cha jana kinahitaji maelezo. Kitako chenye mikwaruzo mingi inayofuata mwelekeo mmoja kinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu msasa hufanya hivyo.

Vibandiko ni ushahidi dhaifu kuliko wote. Kile kidogo cha dhahabu chenye maneno ya Murano na Italia kilitumiwa na viwanda vingi, na gundi haijui ukweli. Kwa upande mwingine, chombo halisi kisicho na kibandiko ni jambo la kawaida. Vingi vilioshwa vikatoka. Angalia hasa kibandiko cha "Vetro Artistico Murano". Hiyo ni alama halali ya kulinda kazi ya kisiwa, lakini iliwekwa kwa sheria ya jimbo la Veneto mnamo 1994. Ukiambiwa chombo chenye kibandiko hicho ni cha 1955, muulize muuzaji kilivukaje miaka hiyo 39.

Sahihi nazo zina tabia zake. Katika miaka ya 1940 na 1950 Venini walipiga muhuri wa asidi wa mistari mitatu: venini, murano, ITALIA. Muhuri huo huwa hafifu. Huonekana ukiinamisha kitako kwenye mwanga. Baadaye walichora jina kwa ncha ya almasi wakiongeza mwaka. Viwanda vingi vingine havikutia sahihi kabisa. Basi mtu anayekuonyesha jina kubwa la msanii lililochorwa kwa mashine kwenye chombo cha kiwanda ambacho hakikuwa na desturi hiyo, mshukuru, uende zako. Usione haya kuondoka bila kununua.

Kosa la kawaida kabisa halina hata udanganyifu ndani yake. Vyombo vizito vya rangi mbili tatu zilizovutwa kama ndimi, vinavyouzwa kila mahali kama Murano, vingi ni vya Chekoslovakia ya zamani, hasa kiwanda cha Chřibská. Ni kioo kizuri, na Wacheki walikuwa na ustadi wao. Ukikinunua kama cha Kicheki kwa bei ya Kicheki, umepata pambo la nyumba.

Kwa mwanafunzi au familia inayoanza, ushauri wangu ni kuacha majina makubwa. Kisahani kimoja cha sommerso kisicho na sahihi huuzwa Ulaya kwa makumi ya dola, ingawa usafirishaji na ushuru vinaweza kuzidi bei ya kitu chenyewe, na kioo hakipendi safari. Kabla ya hapo, tazama bure. Makumbusho ya Vioo ya Corning, katika jimbo la New York, yameweka picha za hazina yake kwenye intaneti. Huko Murano kwenyewe kuna Museo del Vetro, lililoanzishwa mnamo 1861, na tangu 2012 jumba la Le Stanze del Vetro katika kisiwa cha San Giorgio Maggiore limekuwa likifanya maonyesho ya kazi za karne ya 20. Maonyesho yake ya kwanza yalikuwa ya Scarpa na Venini. Jicho lililoona mia moja halisi hukataa la bandia kabla ya akili kujua kwa nini.

Nyumbani

Sebule za mjini ni ndogo na watoto wana miguu. Chombo chembamba kikae juu ya kimo cha mtoto, mbali na ukingo wa rafu, na kisiwekwe juu ya spika ya redio, kwani mtikisiko hukisogeza kidogo kidogo hadi siku moja. Vizito vya sommerso vinaweza kukaa mezani.

Jambo ambalo wengi hawalijui: kioo kinene, cha mviringo na kisicho na rangi hukusanya miale ya jua kama lenzi. Usikiweke dirishani karibu na pazia au magazeti.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ukiwa umetandika taulo ndani ya karai. Usimimine maji moto katika kioo baridi, na usikitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Maji ya maua yakiachwa siku nyingi huacha utando mweupe. Siki iliyotiwa maji huuondoa ukiwahi. Ukichelewa kioo chenyewe huliwa, na ukungu huo hautoki tena kwa sabuni yoyote.

Matanuri

Tanuri la Murano haliwashwi asubuhi na kuzimwa jioni. Huwaka usiku na mchana, kwa sababu chungu cha kuyeyushia kikipoa hupasuka. Yote hula gesi. Bei ya gesi ilipopanda ghafla barani Ulaya mwishoni mwa 2021 na mnamo 2022, viwanda kadhaa vilizima moto kwa muda, vingine vikapunguza siku za kazi. Miaka miwili mitatu kabla yake, Novemba 12, 2019, maji ya bahari yalikuwa yamepanda sentimita 187 na kuingia katika nyumba na karakana. Vijana wanaokubali kuanza kwa kufagia na kumaliza kwa benchi la fundi mkuu si wengi kama zamani, na maduka ya watalii mjini Venice yana vioo vya bei rahisi kutoka nchi za mbali vinavyouzwa kwa jina la kisiwa.

Kampuni ya Venini bado ipo. Paolo mwenyewe alifariki mnamo 1959, ukoo wake ukaendelea nayo hadi miaka ya 1980, na tangu 2016 imekuwa chini ya kampuni ya mapambo ya Damiani. Fazzoletto bado inatengenezwa, kingo zikiachwa zianguke vile vile. Ile mpya ina jina na mwaka wake vimechorwa chini. Kwa hivyo ukionyeshwa kitambaa cha kioo na kuambiwa ni cha 1949, unajua pa kutazama.